Pumzi Kwenye Ngazi za Thornmead

Watu wa sinema tuna jambo moja ambalo mgeni akilikuta atasema tumerukwa na akili. Tunarekodi kimya. Ndiyo, kimya! Mkishamaliza kupiga picha chumbani, kabla hamjakimbilia chai, fundi wa sauti anainua mkono na kila mtu anaganda pale alipo, hakohoi, hajikuni, dakika nzima, huku mashine ikizunguka na kurekodi chumba ambacho hakuna anayesema kitu. Kila chumba kina kimya chake. Mkiacha kukichukua mtajuta siku ya kuunganisha picha, maana itasikika kama gauni lililotiwa kiraka cha kitambaa kingine. Mimi nilikuwa mshonaji pale Thornmead miaka kumi na minane, nikishona sanda na majoho ya wafu, na nimesimama kimya mle ndani mara nyingi kuliko nilivyosimama kanisani. Sheria ilikuwa moja tu: mkono wa Wilf ukiwa juu, hata nyumba ishike moto, husogei.

Basi siku ile ya Novemba, mwaka wa hamsini na sita, Wilf Tuckwell alipoinua mkono chini ya ngazi kuu hakuna aliyeshangaa. Tulishangaa kwamba hakuushusha. Dakika ikapita, ya pili ikapita, chai inapoa, na Wilf kasimama na hedifoni masikioni, kakunja uso.

"Nani anapumua?" akauliza mwishowe.

"Sote, Wilf," akajibu Ambrose Leddy, mwigizaji wetu wa kufufuka makaburini, mdomo umejaa meno ya bandia. "Maiti ni mimi peke yangu, na hata mimi nina mafua."

Tukacheka. Wilf hakucheka. Akatutoa nje wote kama kuku, akafunga mlango, akabaki mle na mashine yake. Alipotoka alikuwa mweupe kuliko poda aliyopakwa Ambrose.

"Mko wote hapa nje?"

"Tuko wote."

Akajaza kiko chake, akakohoa kile kikohozi chake tulichokijua hata gizani, mara mbili, kifupi halafu kirefu, akaenda zake.

Thornmead haikuwa studio hasa. Ilikuwa nyumba kuukuu kando ya Mto Thames, paa linavuja, ambayo Bwana Lionel Hallett aliipata kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna mwenye akili aliyeitaka. Hatukuwa na uwezo wa kujenga kasri, basi nyumba ndiyo ikawa kasri. Wiki hii ukumbi una rangi nyekundu, ni kwa mnyonya damu. Wiki ijayo ni wa kijivu, ni nyumba ya watawa. Usiku wetu ulikuwa wa kutengeneza: saa nne asubuhi tunaziba madirisha kwa mapazia meusi, tunawasha mishumaa. Lakini ngazi zilikuwa zile zile, na Bwana Hallett alizipenda kuliko mkewe.

Wilf alimpelekea ule utepe aliorekodi. Nilikuwa ofisini nikimpima bosi koti, kwa hiyo niliusikia mwenyewe kwa masikio yangu. Ilikuwa pumzi. Ya polepole, ya karibu, kama ya mtu aliyelala kitandani kwako nawe hujui ameingia saa ngapi. Na ndani yake kulikuwa na kitu kilichokosewa. Sikujua ni nini, ila nilijichoma sindano nisihisi maumivu.

"Imetoka wapi?" Bwana Hallett akauliza.

"Ngazini, bosi. Kama kidato cha saba, cha nane."

Bwana Hallett akapandisha mkono wa shati akatuonyesha vinyweleo vyake vilivyosimama. "Ile picha ya ngazi tupu, toa muziki wote. Weka hii."

"Hatujui ni nini, bosi."

"Tunajua ni ya bure."

Filamu ikatoka Februari. Bwana Hallett alitupeleka wote London kuitazama, na mimi nilikaa na Mavis, mke wa Wilf. Mavis alikuwa jicho la Thornmead. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu kwenye daftari ili mambo yasibadilike katikati ya hadithi: Ambrose akishika mshumaa kwa mkono wa kushoto asubuhi, Mavis ndiye atakayempigia kelele akiushika kwa mkono wa kulia alasiri. "Umekosea, Ambrose!" Neno hilo nalisikia mpaka leo. Hakuna kosa lililompita yule mwanamke, na kosa likimpita halali usingizi.

Basi ikafika ile picha. Ngazi tupu na mshumaa mmoja, hakuna kinachotokea, wala hakuna anayekuja. Hapo ndipo watu walipopiga mayowe. Mama mmoja wa Croydon alibebwa juu juu hadi nje viatu vikamtoka. Na Mavis alinishika mkono akanikwaruza kwa kucha hadi damu, akasema jina moja tu, kwa sauti ya chini sana.

"Jennet."

Jennet alikuwa binti yao. Alikufa Desemba ya mwaka wa hamsini na mbili, akiwa na miaka minne, katika ule ukungu mchafu ulioisonga London siku tano mchana kweupe. Alikuwa na kifua. Alipopumua, pumzi ikitoka, mwishoni kabisa palilia kifilimbi kidogo. Wazazi wake walikaa usiku tano wakikisikiliza kile kifilimbi, wakimpaka kifuani mafuta ya kafuri, na asubuhi ya sita kikanyamaza. Baada ya hapo Wilf hakutaka kukaa tena mjini, ndipo wakaja huku mtoni.

Na ile pumzi ya ngazini ilikuwa na kifilimbi.

Nilidhani Mavis atamtoa mumewe pale siku hiyo hiyo. Wapi! Mtu aliyefiwa na mtoto usimwekee hesabu zako. Walirudi wote wawili, wameshikana mikono kama wachumba. Nao umaarufu ukaja. Maaskofu walitulaani, magazeti yakatutukana, na foleni zikazunguka majumba ya sinema mara mbili. Paa likatengenezwa. Wamarekani wakaja kutupiga picha tukinywa chai juu ya jeneza. Kila filamu ilikuwa na ngazi yake tupu, na kila ngazi tupu ilitaka kimya kipya, kwa sababu Bwana Hallett hakutupa utepe. Ukishatumika, unarekodiwa juu yake kingine.

Tukazoea. Haya ndiyo yanayoniudhi nikikumbuka, jinsi tulivyozoea. Wilf anainua mkono, tunaganda, na harufu ya kafuri inashuka ngazini taratibu, inatupita miguuni, na Mavis amefumba macho huku anatabasamu. Kimya kikiisha tunaenda kula mkate na nyama ya nguruwe. Tulijua ni jini. Hakuna aliyelitaja. Lilikuwa linatulisha.

Mavis ndiye aliyelishtukia, na alilishtukia kwa daftari.

Ilikuwa mwaka wa sitini na mbili, mchana, chumba changu cha nguo. Aliingia akafunga mlango kwa kitasa na kwa kiti.

"Enid, nisomee hapa. Mwaka wa hamsini na saba nimeandika nini?"

Nikasoma. "Kifilimbi, wakati wa kuvuta pumzi."

"Jennet hakuwa hivyo. Chake kililia pumzi ikitoka. Mimi ni mama yake, nilijua palepale sinema kuwa kimekosewa, nikajifanya sijui. Haya, hamsini na nane?"

"Kifilimbi, katikati."

"Sitini?"

"Kinatoka na pumzi, mapema kidogo."

"Na sasa kinalia mwishoni. Mahali pake." Akakaa juu ya rundo la sanda zangu. "Na jana kimemeza mate. Jennet alikuwa anameza mate kila pumzi ya tatu. Miaka sita hakijawahi kumeza, jana kimemeza. Unajua kwa nini? Juzi nilimsikia Wilf yuko peke yake pale chini ya ngazi. Anaongea. Anasema, vizuri, mama, vizuri sana, lakini ulikuwa unameza mate, umesahau?"

Nikamrudishia daftari.

"Mtoto hajifunzi kuwa yeye mwenyewe, Enid," akasema. "Lile si mwanangu. Lile linasomeshwa."

Jioni hiyo alimkabili mumewe jikoni kwao. Alinieleza kesho yake, macho yamevimba. Alimwekea daftari mezani, akamsomea mwaka kwa mwaka, na Wilf akasikiliza mpaka mwisho, akila viazi vyake.

"Najua," Wilf akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si yeye. Mimi ni fundi wa sauti, Mavis. Unadhani sikusikia?"

"Sasa unafanya nini mle ndani, mume wangu?"

Wilf akaweka uma chini. "Imebaki kidogo tu," akasema. "Kidogo sana. Likishapatia kabisa, tofauti itakuwa ipi?"

Mavis alilia usiku ule hadi sauti ikamkauka. Alimwomba wahame, warudi kwao Devon, afungue duka la redio. Alimwambia mtoto wamekwisha kumzika, yeye hataki kumzika na mume pia. Alijibiwa ndiyo, mwakani. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa sikio bora kuliko yote katika Uingereza nzima.

Basi akaenda mwenyewe kwa Kasisi Fanshawe wa kanisa la kijijini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye haya, anayeomba radhi hata kwa mbwa, lakini alikuja, Alhamisi saa kumi, na kitabu chake na kichupa cha maji. Bwana Hallett alimkubalia kwa sharti moja, maji yasiguse rangi ya ukutani, haijakauka.

Tulikuwa wanne pale ukumbini: kasisi, Mavis, mimi, na Ambrose aliyegoma kuondoka kwa udadisi. Kasisi akafungua kitabu akaanza kusoma, kwanza kwa sauti ndogo, kisha sauti ikapata nguvu, ikajaa ukumbi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikahisi tumaini linanipanda kifuani. Ndipo harufu ya kafuri ikashuka. Pumzi ikaanza, kule juu, bila mashine, bila hedifoni, tunaisikia wote kwa masikio matupu, na haikuwa ya hofu wala ya hasira. Ilifuata maneno ya kasisi, akipumzika inapumzika, akivuta hewa inavuta kabla yake, inajua sentensi itaishia wapi na neno gani linafuata, kama mwigizaji mzoefu anayesubiri zamu yake huku anayarudia kimoyomoyo maneno ya mwenzake, na kasisi alipofika penye amri ya kutoka, ile amri yenyewe, midomo ikamkauka na kitabu kikaanza kutikisika, kwa sababu pumzi ilikwisha kunyamaza nusu dakika kabla, kwa adabu, kumwachia nafasi.

Kasisi akatugeukia. "Samahani. Maneno haya yamewahi kusomwa hapa?"

Ambrose akavua kofia.

"Kasisi, mimi nimefukuzwa kwenye ngazi hizi kwa maneno hayo filamu tisa," akasema. "Na kila filamu tunarudia. Mara kumi, mara kumi na tano. Mara moja padri wetu alikuwa amelewa, tukarudia mara thelathini."

"Maneno haya haya?"

"Bwana Hallett aliyanakili kitabuni. Hayana malipo."

Kasisi Fanshawe akafunga kitabu polepole. Akatuomba radhi, akaondoka bila mwavuli wake na mvua inanyesha. Ambrose naye hakurudi tena baada ya mwaka ule. Nasikia alienda kuigiza babu kwenye matangazo ya supu.

Sasa sikieni tulivyoanguka, maana watu wanasema eti runinga ndiyo iliyotuua, au Wamarekani. Mimi nilikuwepo. Kilichotuua ni kwamba Wilf alifaulu.

Mwaka wa sitini na nane nilikaa sinema, filamu yetu mpya, ikafika ngazi tupu. Ile pumzi ya zamani ilikuwa na kosa, na kosa ndilo lililowatia watu hofu hata wasijue wanaogopa nini. Hii haikuwa na kosa. Ilikuwa mtoto mgonjwa amelala, basi. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaiweka magotini. Mama mwingine alitafuta leso. Filamu ilipoisha wakatoka kimya kimya kama watu wanaotoka kumwangalia mgonjwa, na wiki iliyofuata hawakuja, wala iliyofuata.

Bwana Hallett alichanganyikiwa. Aliongeza damu, ndoo kwa ndoo. Akawavua wasichana nguo, nikabaki sina cha kushona. Akaleta pikipiki ndani ya kasri. La kuvunda halina ubani. Pale mjini Slough watu walicheka tangu mwanzo hadi mwisho, ila kwenye ngazi walinyamaza, na mmoja akasikika akisema, jamani, tuondokeni.

Nilikuwepo bosi alipomkaba Wilf koo kwa maneno.

"Nirudishie ile ya zamani! Ile mbaya, ya mwanzo!"

"Ile ilikuwa na makosa, bosi."

"Makosa ndiyo yaliyotulisha, wewe mwehu!"

"Haiwezekani. Nilirekodi juu yake," Wilf akasema, na akatabasamu, na nikaona jinsi alivyokonda. Shingo yake ilikuwa inacheza ndani ya kola. Kila kimya alichokichukua kilitoka na kitu cha mwili wake, na sote tulikuwa tumeona na sote tulinyamaza. Alikuwa hapandi tena hata vidato viwili bila kushika ukuta.

Thornmead iliuzwa mwaka wa sabini na tatu, kwa watu wa kujenga nyumba za kupanga. Siku ya mwisho tulibaki watatu. Mimi nilikuwa nakunja majoho nje ya mlango wa ukumbi. Mapazia meusi yalikwisha kuondolewa, jua la saa tisa linaingia ukumbini, unaona vumbi na rangi saba zilizobanduka ukutani moja juu ya nyingine. Wilf akaja na mashine yake.

Mavis akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Usiingie, Wilf. Miaka ishirini na tano ya ndoa sijakupigia magoti. Nitayapiga sasa hivi hapa."

"Dakika moja tu, mpenzi. Wanabomoa ngazi Jumatatu."

"Acha wabomoe! Acha life nalo! Tuna gari pale nje, nimefunga hadi birika. Twende nyumbani, baba Jennet."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo tangu mazishi. Wilf akatetereka. Niliona kabisa uso unamlegea, nikasema moyoni, amempata. Kisha harufu ikatoka pale nyuma ya Mavis, kafuri, nzito, mchana wa jua kali, na kutoka ngazini mtoto akameza mate.

Wilf akambusu mkewe kwenye paji la uso, akamtoa mkono mmoja kwenye mwimo kwa upole, akapita. Akaurudisha mlango akauacha wazi kiasi cha kidole. Tukamwona ameketi kidato cha chini, kavaa hedifoni, kawasha mashine.

Akainua mkono.

Na sisi tukaganda.

Mungu anisamehe, maana mimi sijajisamehe. Miaka kumi na saba tulikuwa tunaganda mkono ule ukipanda, mwili ulikuwa haungoji tena kuulizwa, na tulisimama pale nje ya mlango, wanawake wawili wazima, mimi na joho mikononi na yeye mkono bado uko hewani pale mumewe alipouweka, tukishika kimya kwa ajili ya mashine isiyorekodi kwa filamu yoyote, tukaisikia pumzi ya mtoto ikishuka kidato cha nane, cha saba, cha sita, na pumzi ya Wilf ikianza kuifuata, ikipungua ili zilingane, na tukamsikia Wilf akikohoa, yeye ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukohoa mkono ukiwa juu, kifupi halafu kirefu, kisha kifupi peke yake, kisha mkwaruzo wa kiatu sakafuni, na machozi yalikuwa yanamtiririka Mavis hadi kidevuni naye hakusogea, mimi sikusogea, mashine inazunguka, hupumui, hukohoi, husogei, mpaka utepe ulipofika mwisho wake ukaanza kupigapiga, tap, tap, tap.

Ndipo tukaingia. Alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, mkono bado uko juu umekwama kwenye nguzo ya ngazi. Daktari alisema ni moyo.

Ngazi zilibomolewa Jumatatu, kama walivyosema. Zilichomwa bustanini, na wajenzi waliniambia hazikuwa na lolote, mbao tu, tena za msonobari mbovu. Nikashukuru. Nilijua Mavis ameuchukua ule utepe, lakini mjane atachukua hata soksi, ningemlaumu kwa lipi?

Nilimtembelea Machi, na keki ya mbegu. Nyumba safi, birika liko jikoni. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za magoti yangu, nikaona walau anakula. Kisha nikaona mashine ya Wilf iko mezani, kati ya chupa ya maziwa na mkate, na pembeni yake daftari jipya, na penseli iliyochongwa.

"Unaisikiliza?" nikamuuliza.

"Wako wawili sasa," akasema. "Jennet hana tatizo. Lakini Wilf linamkosea, Enid. Linamkosea vibaya. Kikohozi kinakuja kabla ya pumzi. Na kirefu kinatangulia kifupi."

"Mavis." Nikamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye uliyesema lile linasomeshwa. Wewe! Ulinisomea mwaka kwa mwaka."

"Najua."

"Basi choma hicho kitu. Nipe nikuchomee mimi, sasa hivi, hapo kwenye jiko."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua kazi. "Nilitaka," akasema. "Wiki ya kwanza nilikuwa na kiberiti mkononi. Lakini siwezi kumwacha vile. Siwezi kulala, Enid, wakati mume wangu anakohoa kwa makosa."

Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa jikoni. Nilikuwa nimedhani ni dawa ya kifua chake. Akaachilia mikono yangu, akavuta daftari karibu, akainama juu ya meza, na akasema kwa ile sauti ya kazini niliyoijua miaka yote, ila laini zaidi:

"Umekosea, Wilf. Pumua kwanza. Halafu kifupi. Halafu kirefu. Haya, tena."

Akainua mkono. Na mimi, mjinga mimi, nikaganda.

Mashine haikuwa inazunguka. Waya wake ulikuwa umeviringishwa mezani kando ya keki, haujachomekwa popote. Pumzi ikatoka, ndefu, ya mwanamume mzima, na nyuma yake kifilimbi cha mtoto, na baada ya pumzi kikaja kikohozi, kifupi, halafu kirefu, mahali pake kabisa.

Mavis akalamba ncha ya penseli, akaweka alama ya vema.